Kuona si Kutazama: Kufundisha Vitenzi vya Milango ya Fahamu katika Somo la Kiingereza

Utangulizi

Siku moja, wakati wa mazoezi ya kufundisha, nilikaa nyuma ya darasa la tano nikimtazama mwanachuo akifundisha Kiingereza. Somo lake lilikuwa limeandaliwa vyema. Ubao ulikuwa umepangwa, picha za vitu vya nyumbani zilikuwa zimebandikwa ukutani, na wanafunzi walikuwa wakikariri sentensi kwa pamoja. Kabla somo halijafika katikati, mtoto mmoja wa dawati la nyuma aliinua mkono, akasimama, akasema kwa sauti iliyosikika darasa zima: "Teacher, I am hearing a bad smell." Mwalimu akacheka. Akamwuliza kwa Kiswahili iwapo yeye husikia harufu kwa masikio. Darasa likaangua kicheko, na mtoto akaketi. Hakuinua mkono tena mpaka kengele ilipolia.

Baada ya kipindi tulikuta panya aliyekufa nyuma ya kabati.

Jambo hilo lafaa kufikiriwa na kila mwanachuo. Katika dakika zile 40 wanafunzi walisema sentensi nyingi za Kiingereza, na karibu zote zilikuwa sahihi, lakini zilihusu picha za ukutani na hakuna aliyekuwa na haja ya kuzisikia. Mtoto mmoja tu ndiye aliyekitumia Kiingereza kueleza jambo la kweli ambalo wenziwe walihitaji kulijua. Malipo yake yakawa kuchekwa.

Tena kosa lake halikuwa la uzembe. "Ninasikia harufu mbaya" ni Kiswahili safi kabisa. Mtoto alichukua kila neno na kuliwekea mwenziwe wa Kiingereza, kama alivyofundishwa. Aliyepungukiwa na maarifa ni mwalimu, ambaye hakujua kwamba Kiswahili na Kiingereza haviigawi milango ya fahamu kwa namna moja.

Makala haya yanakusudia kumpa mwanachuo ufunguo mmoja wa kufundishia vitenzi hivyo: "see", "look at" na "watch"; "hear" na "listen to"; "smell", "taste", "feel" na "touch". Ufunguo huo umo katika lugha ya mtoto mwenyewe.

1. Jinsi Kiswahili kinavyougawa uwanja huu

Kabla ya kufundisha neno la Kiingereza, mwalimu hana budi kupima upana wa neno la Kiswahili analolijua mtoto. Na tuanze na "kusikia". Kwa neno hili twasikia sauti, twasikia harufu, twasikia njaa, kiu, baridi na maumivu, twasikia ladha ya tangawizi katika chai. Zaidi ya hayo, husemwa kwamba mtu fulani "anasikia Kiarabu", yaani anakielewa, na mtoto mtiifu huitwa "msikivu". Kwa Kiingereza, "hear" hushughulika na sauti peke yake. Hayo mengine yote yana maneno yake.

"Kuona" nako ni kupana. Twaona kwa macho, twaona baridi, twaona haya, twaona uchungu, na mtu atoapo maoni husema, "Naona tuondoke mapema." Mtoto atakayelitafsiri neno kwa neno atasema "I see we leave early," ilhali angepaswa kusema "I think we should leave early." Hata neno lenyewe "maoni" limetokana na kuona.

Kwa upande mwingine, kuna mahali ambapo Kiswahili hutofautisha mambo yanayochanganywa na Kiingereza. Sisi tuna kunusa, kusikia harufu, kunuka na kunukia. Kiingereza huweza kutumia "smell" kwa yote manne. Mwalimu asidhani, basi, kwamba lugha moja ni tajiri na nyingine ni maskini. Kila moja imekata kitambaa kilekile kwa mshono wake.

2. Maswali matatu

Mwaka 1983 mtaalamu wa isimu Åke Viberg alichapisha uchunguzi wake juu ya vitenzi vya milango ya fahamu katika lugha zipatazo 50. Mgawanyo alioutumia wafaa sana darasani, hata kwa mtoto wa darasa la nne, iwapo utaelezwa kwa maneno mepesi. Kwa kila mlango wa fahamu twaweza kuuliza maswali matatu:

Kwanza: Je, mtu anakusudia? Anageuza macho, anatega sikio, ananusa, anaonja, anapapasa. Hapa mtu anafanya kazi.

Pili: Je, jambo limemfikia? Ameona, amesikia, ameingiwa na harufu puani. Hapa mtu hakufanya kazi. Yeye ni mpokeaji tu.

Tatu: Je, kitu chenyewe ndicho kinachosifiwa? Maua yananukia, mtoto anaonekana mgonjwa, ngoma inasikika vizuri.

Kiswahili huyajibu maswali hayo hivi:

Jicho: kutazama — kuona — kuonekana
Sikio: kusikiliza — kusikia — kusikika
Pua: kunusa — kusikia harufu — kunuka, kunukia
Ulimi: kuonja — kusikia ladha — kuwa na ladha
Ngozi: kupapasa, kugusa — kusikia, kuona — kuwa laini, kuwa na baridi, n.k.

Na Kiingereza huyajibu hivi:

Jicho: "look at", "watch" — "see" — "look"
Sikio: "listen to" — "hear" — "sound"
Pua: "smell" — "smell" — "smell"
Ulimi: "taste" — "taste" — "taste"
Ngozi: "feel", "touch" — "feel" — "feel"

Mwanachuo aziangalie safu hizi mbili kwa makini, maana makosa mengi atakayokutana nayo yamejificha ndani yake. Kwa jicho na sikio, Kiingereza kina maneno mbalimbali na Kiswahili kadhalika, kwa hiyo mtoto anayo tayari fikra inayotakiwa. Kwa pua, ulimi na ngozi, Kiingereza hurudia neno lilelile mara tatu, na maana hujulikana kwa umbo la sentensi tu. Ndiyo maana yafaa kuanza na jicho na sikio, kisha kuendelea na mengine.

Darasani maswali haya yanaweza kufundishwa kwa mikono. Mwalimu akisema neno la kukusudia, apeleke mkono mbele kutoka kwenye jicho au sikio lake. Akisema neno la kufikiwa na jambo, aulete mkono kutoka mbali hadi kwenye jicho au sikio. Akisema neno la kusifu kitu, akionyeshe kitu chenyewe kwa kidole. Wanafunzi wamfuatishe. Baada ya vipindi viwili mkono peke yake utatosha kumkumbusha mtoto aliyekosea, bila ya mwalimu kumkatiza maneno.

3. Jicho: "see", "look at", "watch"

Anza na Kiswahili. Uliza darasa: "Je, mtu anaweza kutazama asione?" Wanafunzi watajibu mara moja kuwa yawezekana: mtu hutazama gizani asione kitu, au hutazama chini ya kitanda asiione sindano iliyopotea. Kisha uliza: "Je, mtu anaweza kuona bila kutazama?" Hilo nalo lawezekana: mtu apitaye njiani huona ajali ambayo hakuitafuta. Wakishakubali hayo, waandikie ubaoni:

"I looked under the bed, but I did not see the needle."

Sentensi hiyo moja hufundisha zaidi ya maelezo ya ukurasa mzima. "Look" ni kupeleka macho; "see" ni macho kupata.

Sasa njoo kwenye "look at" na "watch". Hapa Kiswahili hakimsaidii mtoto sana, kwa kuwa kutazama na kuangalia hutumika kwa yote mawili. Tunatazama picha na tunatazama mpira. Kwa Kiingereza, "look at" hutumika zaidi kwa kitu kilichotulia au kwa mtazamo wa muda mfupi: "Look at the map." "Look at this word." "Watch" hutumika kwa kitu kinachotembea, kinachobadilika, au kinachoweza kubadilika, na mtazamaji hukifuata kwa muda: "We watched the football match." "Watch the milk." Mfano huu wa pili ni mzuri sana, kwani maziwa yaliyo jikoni yanaweza kuonekana yametulia, lakini mtoto aliyeachiwa kuyaangalia anajua kwamba yatafurika wakati wowote. Anangoja jambo litokee. Huko ndiko "watch".

Mwanachuo atakutana pia na sentensi kama "We saw a film." Asiihesabu kuwa kosa. Filamu, mchezo wa kuigiza au mechi yaweza kusemwa kwa "see" ikiwa msemaji anaitaja yote kama jambo moja alilolipata. Televisheni, hata hivyo, kwa kawaida huenda na "watch". Hali kadhalika, "see" huweza kuwa na maana ya kukutana na mtu kwa shida fulani, kama vile tunavyosema kwenda kumwona daktari: "You must see a doctor." Hapa lugha mbili zimelingana, na mwalimu aliseme jambo hilo wazi ili mtoto afurahi kupata mteremko.

Pana jambo jingine dogo lenye usumbufu mkubwa, nalo ni neno "at". Kitenzi chetu hupokea shamirisho moja kwa moja: tazama picha. Kwa hiyo mtoto husema "Look the picture." Mwambie hivi: macho yanaposafiri huhitaji daraja, na daraja lenyewe ni "at". Kama hakuna kitu kilichotajwa, daraja halihitajiki: "Look!" Lakini "watch" na "see" havihitaji daraja hata kidogo: "Watch the ball." "I can see the ball."

4. Sikio: "hear" na "listen to"

Tofauti hii ni rahisi kwa mtoto wa Kiswahili, kwani kusikia na kusikiliza ameyapambanua tangu utotoni. Mama yake humwambia "Nisikilize!" pale anapojua kwamba mtoto anamsikia lakini hataki kutega sikio. Tumia jambo hilohilo:

"I can hear you, but I am not listening to you."

Wanafunzi hucheka wanaposikia sentensi hiyo, na kicheko cha namna hii hakimdhuru mtu.

Kosa kubwa hapa ni kuacha "to": "Listen the radio", "Listen me". Sababu ni ileile. Sisi tunasikiliza redio pasipo daraja. Wakumbushe: "look at", "listen to". Macho daraja lake ni "at", na masikio daraja lake ni "to". Na kama ilivyokuwa kwa "Look!", ukiamrisha bila kutaja kitu utasema "Listen!" tu.

Kosa la pili ni lile la kulinyosha neno "hear" mpaka lifike mahali pa kusikia kwetu. "I hear hunger", "I hear cold", "I hear a bad smell", na "He hears English" kwa maana ya kwamba anakielewa. Tiba yake ni kanuni fupi ambayo kila mtoto aweza kuishika: "hear" ni ya sauti tu. Kama hakuna sauti, tafuta neno jingine. Kwa harufu ni "smell"; kwa njaa na baridi ni "feel", au kitenzi "be": "I feel cold," "I am hungry"; kwa kuelewa ni "understand".

5. Pua, ulimi na ngozi

Hapa ndipo neno moja hubeba kazi tatu. Waandikie wanafunzi sentensi tatu, moja chini ya nyingine:

"Mother is smelling the milk."
"I can smell smoke."
"The milk smells bad."

Waulize maswali matatu tuliyoyaona. Katika ya kwanza mama ananusa kwa kukusudia, pengine ajue kama maziwa yameharibika. Katika ya pili moshi umenifikia mimi bila kuutafuta. Katika ya tatu maziwa yenyewe ndiyo yanayosifiwa. Waache wanafunzi watoe tafsiri ya Kiswahili kwa kila sentensi, na watagundua wenyewe kwamba wametumia vitenzi vitatu: kunusa, kusikia harufu, kunuka. Ugunduzi huo ndio somo.

Kisha fanya hivyo kwa ulimi: "The cook is tasting the soup." "I can taste ginger in this tea." "The soup tastes good." Na kwa ngozi: "The tailor is feeling the cloth." "I can feel an insect on my neck." "The cloth feels soft."

Tahadhari mbili zafaa hapa. Ya kwanza ni juu ya kunuka na kunukia. Kiswahili kimeuweka uzuri na ubaya wa harufu ndani ya kitenzi chenyewe, bali Kiingereza huhitaji neno la sifa: "The flowers smell sweet." "The meat smells bad." Lakini "It smells," bila neno lolote la sifa, kwa kawaida humaanisha kwamba kinanuka. Mtoto anayetaka kumsifu mwalimu wake kwa kusema "Teacher, you smell" atakuwa amemtukana bila kujua, na mwalimu mwenye busara atajua kwamba neno lililokusudiwa ni kunukia.

Tahadhari ya pili ni juu ya "touch" na "feel". "Touch" ni kugusa tu, mkono kukutana na kitu: "Do not touch the wire." "Feel", inapokuwa ya kukusudia, ni kupapasa ili ujue hali ya kitu: "Feel this cloth. Is it soft?" Mtu aweza kugusa bila kutaka kujua lolote, apapasaye anatafuta habari.

6. Kitu kinaposifiwa

Safu ya tatu husahauliwa katika madarasa mengi, na matokeo yake ni sentensi za ajabu. Mtoto anataka kusema "Unaonekana umechoka". Anajua kwamba kuona ni "see", na kuonekana ni kauli ya kutendeka, basi anasema "You are seen tired." Kwa ngoma inayosikika vizuri anasema "The drum is heard good." Ametumia akili sana, kosa lake ni la kufuata kanuni mahali isipofika. Kwa Kiingereza, jicho hapa hurudi kwenye "look" na sikio huchukua neno jipya "sound":

"You look tired."
"The drum sounds good."

Na angalia kwamba hapa "look" haina "at", kwa kuwa hakuna macho yanayosafiri. Ukisema "You look tired," macho ni yangu, lakini sentensi inakuhusu wewe.

Baada ya vitenzi hivi Kiingereza hutumia kivumishi, si kielezi. Sisi husema "chakula kinanukia vizuri", kwa hiyo mtoto husema "The food smells well." Sahihi ni "The food smells good." Mweleze kwamba neno hilo linakieleza chakula, na wala halielezi namna ya kunusa.

7. Kosa la "I am seeing"

Mwanachuo ataona kwamba wanafunzi wengi husema "I am seeing a bird", "I am hearing the bell". Kwa nini? Kwa sababu sisi walimu tumewafundisha. Tulipoandika ubaoni kwamba "ninaandika" ni "I am writing" na "ninacheza" ni "I am playing", mtoto alijumlisha kwamba kila penye -na- pana "am" na "-ing". Akasema "ninaona", akatoa "I am seeing". Alifuata kanuni yetu kwa uaminifu.

Maswali matatu yanatuokoa hapa pia. Umbo la "-ing" huonyesha kazi inayoendelea. Mtu anayekusudia ana kazi anayoifanya. Kwa hiyo husemwa "I am looking at the bird", "I am listening to the radio", "She is tasting the soup". Mtu aliyefikiwa na jambo hana kazi anayoifanya. Kwa hiyo Kiingereza kwa kawaida husema "I can see the bird", "I can hear the bell", "I can smell smoke". Neno "can" hapa halina maana nzito ya uwezo. Ndiyo njia ya kawaida ya kusema kwamba jambo linanifikia sasa hivi. Na kitu kinachosifiwa hakifanyi kazi yoyote: "The soup tastes good."

Kwa hiyo ufunguo uliotumika kuchagua neno ndio huohuo unaochagua wakati wa kitenzi. Mkono unaokwenda mbele huchukua "-ing". Mkono unaokuja huchukua "can". Kidole kinachoonyesha kitu hutumia wakati sahili.

Kanuni hii ina pembe zake. Mtu huweza kusema "I feel sick" au "I am feeling sick", na yote mawili ni sawa. Husemwa pia "I am seeing the doctor tomorrow", maana hapo "see" ni kukutana, nako ni kufanya jambo. Mwalimu ayajue haya ili asimsahihishe mtoto aliyesema sawa, lakini asiyafundishe mwanzoni.

8. Mfano wa kipindi

Kipindi hiki cha dakika 40 kinafaa kwa darasa la nne au la tano, kwa kufundisha "hear" na "listen to". Zana ni jiwe, karatasi, funguo, kijiko na kikombe cha bati.

Dakika 5 za kwanza: Mwalimu azungumze na darasa kwa Kiswahili juu ya tofauti ya kusikia na kusikiliza. Wanafunzi watoe mifano yao ya nyumbani.

Dakika 10: Mwalimu aseme, "Close your eyes. Listen." Darasa likae kimya kwa muda wa dakika nzima. Kisha aulize, "What can you hear?" Wanafunzi wajibu kwa yale yaliyopo kweli: "I can hear a bird." "I can hear children." "I can hear a car." Kama neno la Kiingereza halijulikani, mwalimu alitoe.

Dakika 15: Macho yakiwa yamefungwa, mwalimu aangushe jiwe, achane karatasi, atikise funguo, agonge kikombe. Baadaye mwanafunzi mmoja ashike nafasi ya mwalimu, na wengine waulizane wawili wawili.

Dakika 10 za mwisho: Wanafunzi waandike sentensi mbili za "I can hear..." na moja ya "I am listening to...". Zote ziwe za kweli.

Katika vipindi vinavyofuata, tumia mfuko wa kitambaa wenye limau, karafuu, kipande cha sabuni na pamba. Mtoto aingize mkono na kujibu "What can you feel?", kisha anuse na kujibu "What can you smell?" Kwa somo la kuonja, tumia vyakula vinavyojulikana tu, mikono ioshwe kwanza, na wala mtoto asilazimishwe kuonja. Aidha, mwalimu ajue mapema kama darasani yumo mtoto asiyeona vizuri au asiyesikia vizuri. Mtoto huyo apewe nafasi ya kung'ara kwa milango ya fahamu aliyo nayo, na zoezi lisigeuke kuwa mtihani wa upungufu wake.

9. Namna ya kusahihisha

Na turudi kwa yule mtoto wa dawati la nyuma. Mwalimu angeweza kumjibu hivi: "You can smell something bad? Yes, I can smell it too. Where is it?" Katika maneno hayo mtoto angesikia umbo sahihi mara mbili bila ya kuaibishwa. Angejua kwamba ujumbe wake umefika. Darasa lote lingejifunza sentensi mpya, na panya angetolewa nje kabla ya mwisho wa kipindi.

Jibu la namna hii lina hatua mbili. Pokea ujumbe kwanza, kisha lirudishe neno likiwa limenyooshwa. Kama kosa hilo ni la wanafunzi wengi, liandike katika daftari lako na ulifundishe kesho, bila kumtaja aliyelisema.

Haya si mambo ya adabu peke yake. Katika shule za serikali za Tanzania mtoto hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha hukutana na Kiingereza kikiwa lugha ya kufundishia katika sekondari. Huko ataingia maabara na kuambiwa atazame kimiminika mpaka rangi ibadilike, kisha aandike alichokiona. Asiyejua tofauti ya "watch" na "see" huenda akaandika alichokitazama akaacha alichokiona. Lakini atakayepata hasara kubwa zaidi ni yule aliyeona, akajua, na akanyamaza kwa kuogopa kuchekwa.

Mazoezi kwa mwanachuo

1. Eleza chanzo cha kila kosa katika Kiswahili, kisha urekebishe sentensi: "Listen me, please." "I am seeing a snake." "You are seen sick." "The mangoes smell well." "I hear thirst." "Look the blackboard."

2. Tunga sentensi tatu za "taste" zinazojibu maswali yetu matatu, na uzitafsiri kwa Kiswahili.

3. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, andika kwa juma moja kila sentensi ya Kiingereza iliyosemwa na mwanafunzi kwa hiari yake, pasipo kuulizwa. Hesabu ni ngapi zilizokuwa sahihi. Kisha hesabu ni ngapi zilizojibiwa na wewe kwa habari iliyokuwamo ndani yake. Jadili hesabu hizo mbili pamoja na mkufunzi wako.

Hitimisho

Mwalimu wa Kiingereza katika shule ya msingi hufundisha watoto ambao tayari wanayo lugha kamili. Lugha hiyo imekwisha kuwafundisha kwamba kuna kuona na kutazama, kuna kusikia na kusikiliza, kuna kunusa, kunuka na kunukia. Mwalimu anayeanzia hapo hana haja ya kubomoa kitu chochote. Kazi yake ni kuonyesha mahali ambapo mipaka ya Kiingereza imepita kwingine. Na anapomsikia mtoto akikosea, basi naye amsikilize. Mara nyingi ndani ya kosa hilo mna habari ya kweli inayongoja kupokelewa.